Sahihi yangu ya nauli si idhini ya mpango wa mikoko

Mhariri,

Habari mliyoitoa juzi, kwamba mpango wa usimamizi wa mikoko ya Mombasa unapitiwa upya kwa kushirikisha jamii, niliisoma mara mbili, kisha nikamsomea shoga yangu ambaye macho yake hayashiki tena herufi ndogo. Mimi ni msomaji wenu wa miaka mingi na sijawahi kuwaandikia. Lakini neno hilo la kushirikisha limenikwama kooni, na safari hii silimezi.

Mara ya kwanza nilishirikishwa hivi. Tulipigiwa simu jioni, tukaambiwa kesho yake asubuhi twende hoteli moja ya ufuoni: sisi wanawake tunaochokoa chaza na kusaka kaa koko, wavuvi, na wazee wawili waliokuwa wakikata boriti. Siku yenyewe ilikuwa ya bamvua, maji yanatoka mbali, siku ambayo mtu wa chaza haiachi kwa kuwa ndiyo riziki ya wiki mbili. Tuliiacha, tukaenda. Mlangoni tukaandikishwa jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na sahihi. Tukaambiwa ni ya nauli. Ndani mambo yote yalikuwa Kiingereza, na ukutani palikuwa na ramani ya rangi tatu ambayo hakuna aliyetueleza rangi ipi ni wapi. Mzee mmoja aliinua mkono akauliza ile nyekundu ni upande gani wa mkondo. Akaambiwa maswali ni mwisho. Mwisho ukaja na sahani za pilau, watu wakala, wakapewa nauli, wakarudi kwao. Miezi ikapita. Siku moja niko ndani ya mikoko na ndoo yangu na kisu, mahali nilipofundishwa na marehemu mamangu kuchokoa chaza bila kukata mzizi, wakanijia walinzi wawili. Hapa ni eneo lililofungwa, mama, toka. Jamii yenyewe imekubali. Jamii gani? Nilizunguka ofisi hadi nikaonyeshwa kitabu cha mpango, na kurasa za nyuma nikaikuta karatasi ile ile ya nauli, imetolewa nakala, jina langu la kumi na saba, sahihi yangu mimi, na juu yake kichwa kipya kinachosema hawa ndio wadau walioupitisha mpango. Mhariri, miguu iliniisha nguvu. Nimefungiwa mlango wa riziki yangu kwa mkono wangu mwenyewe, na mpaka leo sijaombwa hata radhi.

Asije mtu akasema sitaki mikoko ilindwe. Mikoko yote ya Kenya ni hekta 61,271, na ya Mombasa ni 3,771 tu, kwenye mkono wa bahari wa Tudor, wa Port Reitz na upande wa Mtwapa. Ni kidogo, na sisi ndio tunaoona ikipungua. Babangu aliuza boriti kwa korija, yaani ishirini ishirini, mpaka serikali ilipozuia kuzipeleka ng'ambo mwaka 1982, na wakati huo wote alijua mti upi ni fito, upi ni pau, upi ni nguzo, na upi ni mama wa mbegu usioguswa. Msitu ulikuwa wa serikali tangu 1932. Waliojua hali yake mti kwa mti walikuwa watu kama yeye.

Tungeulizwa, tungesema. Tungesema habari ya mkondo wa Mwache, mvua za El Nino za 1997 na 1998, udongo uliposhuka na mto kutoka mashamba ya juu ukaifukia mizizi, mikoko ikakosa pumzi ikafa imesimama. Hakuna aliyeikata kwa shoka. Sasa mpango unaochora mpaka pale mkoko unapoishia, usiseme neno juu ya watu wanaolima kingo za mto huko bara, wala juu ya maji taka yanayoshuka Tudor kutoka mitaani kwetu, unamlinda nani na nini? Mwenye ndoo ya chaza ndiye rahisi kuzuiwa, basi huzuiwa yeye.

Na kwa kuwa nimeanza, niseme na hili la kupanda. Tangu nchi ijiwekee lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032, hazipiti wiki nyingi kabla hatujaona gari la watu wenye fulana za rangi moja wakishuka pwani kupanda. Kupanda ni jambo jema, lakini katika aina zote za miti ya mikoko huleta moja tu, ule uitwao mkoko wenyewe, kwa sababu tunda lake refu ni jepesi kuchomeka, wakauchomeka popote penye tope. Kwenye tope lililo wazi, linalopigwa na mawimbi, husimama mlilana. Mkoko uko nyuma yake, mkandaa nyuma zaidi, na mchu hupatikana mpaka juu kabisa karibu na nchi kavu, penye chumvi nyingi. Huo mpangilio haukuwekwa na mtu. Miche inayopandwa mahali si pake huvamiwa na chaza wadogo na mwani, ikalala, ikafa kabla ya masika ya pili, na watu wa fulana hawako tena kuihesabu. Nimeiona kwa macho yangu mahali pamoja ikipandwa mara tatu. Watoto wetu wanatumwa kukusanya mbegu hizo, wanazichuma changa mtini. Hili nalo liingie katika mpango mpya, liandikwe kwa majina ya miti tunayoyatumia sisi.

Katiba ya 2010, ibara ya 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi. Ibara ya 69 inaitaka serikali ihimize wananchi washiriki katika kutunza mazingira. Sheria ya Misitu ya 2016 inaziruhusu jamii ziunde vyama vyao na kutia mkataba na Shirika la Misitu. Sheria ipo, na inatutaja.

Kwa hivyo naomba haya. Mkutano ufanyike pale bandarini pa wavuvi, chini ya mti, siku za maji mafu, yasiyotoka mbali, mwezi mwandamo ukiwa siku ya saba au ya ishirini na mbili, baada ya sala ya alasiri, kwa kuwa siku hizo hatupotezi kitu. Rasimu ya Kiswahili ibandikwe siku kumi kabla, msikitini, kanisani na kwenye duka la unga. Ramani ichorwe kwenye turubai kubwa, mikondo iandikwe majina tunayoiita, na kabla ya kukaa tuingie nayo ndani kwa mtumbwi, anayeichora na anayechokoa chaza pamoja. Karatasi ya nauli iwe mbali, ya rai iwe mbali, na hii ya rai kila mtu aandike amekubali au amekataa na kwa nini, isomwe yote kwa sauti kabla haijaondoka pale. Na ile ya zamani yenye sahihi yangu itolewe kitabuni.

Mchokoa chaza,
Jomvu Kuu, Mombasa