Ile amri ya Baraka

Pittsburgh, Jumapili jioni

Mama Kulwa mpenzi,

Habari za siku nyingi, za kina Kulwa na Doto, na mguu wa bibi unaendeleaje? Sisi hatujambo. Baridi imeanza, na Baba Baraka anadai ugali kila jioni kana kwamba yeye ndiye Msukuma. Najua nimekaa kimya tangu Pasaka. Nilaumu ukishamaliza kusoma, maana nina shida, na shida yenyewe nimejitakia.

Unaikumbuka ile amri ya mahakama ya kumuasili Baraka? Miaka mitatu Nyegezi, mimi mzaliwa wa Magu nahesabiwa mgeni kwa sababu ya pasi ya kigeni, tukaisubiri hadi tukakonda. Siku tuliyotoka nayo Mahakama Kuu niliogopa mvua na vidole vya mtoto, nikaipitisha steshenari ikapigwa laminesheni. Wewe ndiye ulinishikia mwavuli! Basi wiki iliyopita nimeipeleka mahakamani huku ikasajiliwe. Karani akaitoa kwenye bahasha, akapitisha kidole gumba pale penye muhuri. Akarudia tena. Plastiki tupu. Akaniambia hawezi kujua kama ni halisi au ni kivuli.

Na jina la mahakama yenyewe utacheka: Mahakama ya Yatima. Hapa Pennsylvania ndivyo inavyoitwa, jina la kale lililotoka London. Siku hizi inashughulika na mirathi, ulezi na watoto wa kuasili. Nilipolisoma mlangoni nilitaka kugeuza. Yatima yupi, na mimi nimemshika mkono?

Utauliza, si mlishamaliza? Tulimaliza. Aliingia na viza ya IR-3, yaani Marekani walikubali kwamba aliasiliwa moja kwa moja huko nyumbani, na sheria iliyoanza 2001 ikampa uraia alipotua tu. Cheti cha uraia kilikuja chenyewe kwa posta. Ingekuwa IR-4, tungeanza kuasili upya huku. Sisi ni kusajili tu, kisha jimbo litoe cheti chake cha kuzaliwa kinachosema alizaliwa Tanzania na wazazi ni sisi. Hicho kikipotea nitaomba kingine hapahapa. Kile cha RITA, cha huko nyumbani, kikipotea nitakusumbua wewe hadi uzeeni.

Baba Baraka anasema nachezea hela, uraia si anao. Labda. Ila kuna watu waliletwa huku wachanga, wazazi wao hawakukamilisha makaratasi, na sheria ile ilipoanza walishatimiza miaka 18, kwa hiyo haikuwagusa. Wapo waliorudishwa Korea Kusini watu wazima, na lugha hawaijui. Mchana najua kabisa Baraka hayumo humo. Usiku nasahau.

Sasa ombi. Nipitie masjala ya Mahakama Kuu, uniombee nakala iliyothibitishwa, yenye sahihi ya Naibu Msajili na muhuri wa kugusika. Faili la kuasili ni la siri, hawatakupa hivihivi, kwa hiyo nimeweka humu barua ya ruhusa na namba ya shauri. Wakigoma, mwone yule wakili wetu. Nauli na ada nimeshatuma kwenye M-Pesa yako. Na ukiipata, Mama Kulwa, nakuomba, usipite nayo steshenari!

Kuna na ile barua ya Ustawi wa Jamii. Kwa kuwa ni ya Kiswahili, wanataka mfasiri, na asiwe mimi. Miaka kumi nimefundisha Kiswahili, mwenzangu. Haya.

Utaweza kwenda lini, kabla hawajafunga kwa Krismasi? Yule karani mrefu aliyekuwa akimpa Baraka pipi bado yupo? Mama Sele alirudisha ile hela ya kikoba au ndiyo imeliwa? Doto ameacha kutoroka shule? Halafu Baraka kaniagiza nikuulize: sato bado wanauzwa pale Nyegezi, au waliisha alipoondoka?

Wako,
Mama Baraka