Kompyuta "haishiki mtandao"? Ipimwe kwanza

Mhariri,

Tunawaomba wakuu wa shule na ofisi za Mtwara na Lindi wasikubali kompyuta ya Windows XP au Windows 7 itupwe stoo kwa sababu tu "haishiki mtandao". Vipimo vimo ndani ya kompyuta yenyewe, wala havinunuliwi.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha Enter. Kwenye dirisha jeusi andika ipconfig. Anwani ya IP (namba ya kompyuta kwenye mtandao) ikianza na 169.254, ruta, yaani kifaa kinachogawa mtandao, haijaipa kompyuta namba. Msikimbilie kulaumu kampuni ya simu, kagueni waya. Huku kwetu pwani chumvi na unyevu hula meno ya kichwa cha waya. Mtandao wa megabiti 100 hutumia nyuzi 4 tu kati ya 8, yaani ya 1, 2, 3 na 6, kwa hiyo mmoja wa hizo ukilegea, mawasiliano yanayumba au yanakufa kabisa. Kata kichwa, funga kipya. Waya usizidi mita 100.

Anwani ikiwa sawa, andika ping (amri ya kupima kama kifaa kingine kinajibu) na namba ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1. Pakiti (vifurushi vidogo vya data) 4 zikienda, 4 zirudi. Kama mtandao unakatikakatika, ongeza -t mwishoni ili ping iendelee bila kukoma, kisha mwenzako autikise waya taratibu: majibu yakipotea, ubovu upo hapo alipoushika. Halafu ping 8.8.8.8, seva ya Google iliyo kwenye intaneti. Ikijibu, lakini majina ya tovuti hayapatikani, rekebisha DNS, yaani huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba. (Zipo seva zinazokataa ping kwa makusudi, basi usihukumu kwa moja.)

Fedha nyingi hupotea pale ping zote zinapojibu na tovuti bado hazifunguki. Tazama tarehe. Betri ndogo ya saa iliyo ndani ya kompyuta, CR2032 ya volti 3, ikiisha, saa hurudi nyuma miaka mingi na vyeti vya usalama vya tovuti huonekana batili. Betri mpya na tarehe sahihi vinatosha. Tarehe ikiwa sawa na mashine ni ya XP, Internet Explorer yake (programu ya kufungulia tovuti) haina TLS 1.2, njia ya kulinda mawasiliano inayodaiwa na tovuti nyingi. Hapo hata ruta mpya haisaidii. Iwekewe Linux nyepesi (mfumo endeshi mwingine badala ya Windows), au ibaki ya kuchapia bila intaneti, kwani Microsoft iliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014.

Fundi anayependekeza kununua mpya aandike kwanza majibu ya vipimo hivi kwenye karatasi na kuisaini.

Mafundi kompyuta,
Mtwara.