Kwako, uliyeanzisha bendi nyingine

Ndugu yangu,

Tangazo lenu nimeliona. Mko wanne, wewe katikati, na lile gitaa jekundu tulilochangishana. Nimefurahi, wallahi. Miaka mitatu ni mingi kwa vidole kama vyako kukaa bure.

Jumamosi nilikuja. Hukuniona, nilisimama mlangoni. Mlipofungua kwa wimbo wetu, ule uliozaliwa sebuleni kwa mama, nilitoka kabla ya kiitikio.

Si wewe uliyenisimulia habari za Paul McCartney? Kwamba bendi yake ya Beatles ilipovunjika mwaka 1970, aliunda nyingine, Wings, na Februari 1972 wakajipakia garini na watoto, wakawa wanazuka vyuoni Uingereza bila taarifa, kiingilio peni 50. Mtu aliyezoea kujaza viwanja! Na hakugusa hata wimbo mmoja wa Beatles. Ulikuwa ukisema hivyo ndivyo mtu anavyoanza upya. Basi ungeanza hivyo.

Na huyo kijana wa dramu, mlee. Akikosea, mwambie mazoezini. Usimfanyie ulichonifanyia usiku ule: ulichomoa waya wimbo ukiwa katikati, ukashika maikrofoni ukasema mimi ndiye ninayewarudisha nyuma. Mama alikuwa amekaa mstari wa mbele. Ndiyo siku pekee aliyowahi kuja kututazama, na shati ulilovaa alikushonea yeye.

Mapigo yangu yalichelewa, sikatai. Nilitoka kwenye zamu ya saa kumi na sita, kwa sababu deni la spika liliandikwa kwa jina langu. Hukuniuliza nimelala saa ngapi. Baadaye watu walisema nimeuza dramu ili kukukomoa. Niliziuza nikamaliza deni, pamoja na sehemu yako, na sijakudai.

Mwaka 1973 wenzake wawili walimwacha McCartney muda mfupi kabla ya safari ya kwenda Lagos kurekodi. Akaenda na waliobaki, dramu akapiga mwenyewe. Yeye aliachwa. Mimi sikukuacha. Nilikaa kwenye kile kiti nikiwa na vijiti mkononi mpaka taa zikazimwa, nikidhani utarudi kuchomeka waya.

Wimbo upige, sitakuzuia. Ila ubeti wa pili niliuandika mimi, sema hivyo hata mara moja.

Mama bado anakuulizia kila Idi. Namwambia umesafiri.