Vita viliisha Agosti, babu akashuka treni Juni

Mhariri,

Makala yenu ya kuwakumbuka wanajeshi wetu wa Vita vya Pili vya Dunia niliisoma mara mbili, na mara zote mbili nilikwama palepale. Mliandika kwamba vita vilipomalizika mwaka 1945 askari wakarejea makwao, kisha mkarukia siasa za kudai uhuru. Maneno matano sita hivi, basi. Hayo ndiyo yamenikalisha mezani.

Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya, kama wazee wa kwetu Maragoli, magharibi mwa Kenya, wanavyowaita waliotumikia King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza huku Afrika Mashariki. Aliandikishwa Kisumu, akapandishwa treni hadi Mombasa, akavushwa bahari mpaka Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipoingia Bonde la Kabaw huko Burma, leo Myanmar, kuwaandama Wajapani, naye alikuwemo. Yeye alisema Bama, hakusema Burma. Mvua isiyokatika, matope, malaria, na Desemba wakauvuka mto Chindwin pale Kalewa. Hayo mliyaeleza vizuri, sina ugomvi nayo.

Japani ilisalimu amri Agosti 15, 1945. Babu alishuka stesheni ya Luanda, ile ya karibu na kwetu Maragoli, Juni 1946. Baba yangu alizaliwa Machi 1947, kwa hiyo tarehe hiyo haina ubishi nyumbani kwetu.

Miezi kumi, Mhariri. Alikuwa wapi?

Alikuwa India, kambini, akingoja meli. Divisheni yao ilikuwa imeondolewa mstari wa mbele mapema na kurudishwa huko, na habari ya kwamba vita vimekwisha iliwakuta wakijiandaa kwa mapigano mengine. Siku ile walipiga kelele, wakaimba usiku kucha. Wiki iliyofuata waliulizana meli inakuja lini. Meli zilikuwa chache kweli, tena zilikuwa na kazi nyingi: kulikuwa na mateka waliofunguliwa kutoka kambi za Wajapani, na Waingereza waliokuwa wakirudishwa kwao. Babu aliyajua hayo yote na bado alikuwa na maoni yake kuhusu nani aliandikwa mwanzo wa orodha na nani mwisho.

Nilimwuliza nikiwa darasa la sita, walifanya nini muda wote huo. Akasema walipaka mawe chokaa. Nikadhani ananitania. Kumbe ni kweli: kando ya njia za kambi kulikuwa na mawe yaliyopangwa, wakayapaka chokaa yakawa meupe, mvua ikaja ikayaosha, wakaambiwa wayapake tena. Gwaride asubuhi, bunduki kusafishwa ingawa hakuna wa kupigwa risasi, mpira jioni. Na kitu kimoja cha faida: alijifunza kuandika. Jeshi lilikuwa na walimu wake, na mtu aliyeondoka kwao akitia dole gumba alirudi na penseli mfukoni.

Barua nne zimebaki. Ziko kwenye sanduku la bati alilorudi nalo, na ya tatu mchwa wameanza kuila pembeni. Kiswahili chake ni kile cha jeshini, Kikeya, ambacho mwalimu wangu wa fasihi angekichapa viboko. "Mimi iko mzima. Meli bado kuja." Salamu zinajaza nusu ukurasa, zinamtaja kila mtu hadi ng'ombe, halafu mistari miwili ya habari yenyewe. Katika mojawapo anasema anaitaka meli na anaiogopa. Naelewa kwa nini. Februari 12, 1944 nyambizi ya Kijapani iliizamisha Khedive Ismail ikiwa njiani kutoka Mombasa kwenda Colombo, watu karibu 1,300 wakafa, wengi wao askari wa Afrika Mashariki. Yeye alikuwa amepita maji hayohayo.

Nyanya hakujua kusoma, na Kiswahili hakukijua. Barua ilipofika, mwalimu wa kanisa aliisoma kwa sauti akimfasiria kwa Kilogoli, watu wamejaa uani. Hadi anakufa nyanya alishikilia kwamba kuna sentensi mwalimu yule aliziruka kwa kuona haya.

Aliposikia vita vimekwisha alitenga jogoo. Kwetu mgeni wa heshima huchinjiwa kuku, na firigisi ni ya mwenye mji, hakuna mwingine wa kuigusa. Jogoo wa kwanza alikufa kwa kideri kabla ya Krismasi. Wa pili alichinjwa wakwe walipokuja kuuliza kama mtoto wao yu hai. Firigisi ilipikwa, ikawekwa kando kwenye kibakuli, na hakuna aliyejua la kuifanya. Wa tatu alizeeka tu. Kila siku ya soko nyanya alikwenda Luanda na mboga zake, na soko likiisha hakuenda nyumbani moja kwa moja, alipitia stesheni kwanza. Siku babu aliposhuka haikuwa ya soko. Alikuja kwa miguu na kabuti begani, usiku, na mbwa hawakumtambua. Walikula ugali na mrenda.

Mimi sasa naishi Lanet, hapa Nakuru, si mbali na kambi. Jirani yangu mumewe alipopelekwa Somalia, simu ikikaa kimya siku mbili nilimwona akifua nguo zilizokwisha kufuliwa. Huyo ana WhatsApp.

Mtaniambia hii ni hadithi ya familia moja. Haya, na hili je? Malipo ya kuagwa jeshini yalihesabiwa kwa cheo, kwa miaka ya utumishi, na kwa rangi ya ngozi. Wazungu walioacha jeshi walifunguliwa mpango wa mashamba kwenye nyanda za juu, kama wenzao walivyofanyiwa mwaka 1919, na mengine ya mashamba hayo yalikuwa hukuhuku Nakuru. Wanahistoria hutafuta ni wapi askari weusi walikoanza kuulizana maswali. Mimi nasema watazame kwenye mawe yale. Watu maelfu, hawana adui, wana penseli mpya, na kila siku wanahesabu ni nani ameitwa melini na ni nani hajaitwa.

Ombi langu ni dogo. Mkichapa tena makala hiyo Novemba, ile sentensi iondoeni. Na mtangaze, kwa Kiswahili, kwamba mnapokea barua za Makeya, picha, vitabu vya kuachia jeshi, chochote. Najua sanduku jingine Yala na jingine Kapsabet, na wenyewe hawajui wamekalia nini.

Zangu nne nitazileta mwenyewe ofisini kwenu, mzipige picha nikiwa nimesimama hapo. Kwa posta sizitumi.

Mjukuu wa Keya,
Lanet, Nakuru