"Boti Yenu Ina Ukubwa Gani?" Jibu Letu kwa Wateja wa Tanga Msimu wa Kusi

Upepo wa kusi ukikaza, kuanzia Juni hivi, simu nyingi zinazoingia ofisini kwetu huulizia jambo moja: ukubwa wa boti. Mteja anataka kuipeleka familia kisiwa cha Ulenge au cha Toten, amesimama Raskazone akaona maji yamechafuka, na anaamini akipewa boti kubwa basi hana tena cha kuhofia. Ni haki yake kuuliza. Ila jibu lina mambo ambayo tungependa ayajue kabla hajalipa chochote.

Ukubwa unasaidia, tena sana. Chukua boti mbili za umbo moja, moja iwe na urefu mara mbili ya mwenzake. Nguvu ya upepo wa kuilaza ile kubwa inaongezeka mara 8, lakini nguvu yake yenyewe ya kujiinua inaongezeka mara 16. Ndiyo maana jahazi linapepesuka taratibu pale ambapo kidau kinarushwarushwa.

Lakini bahari haitazami urefu wa boti peke yake. Kinachohesabika ni urefu huo ukilinganishwa na wimbi la siku hiyo, na boti imelipokeaje. Mwaka 1979 dhoruba iliyakuta mashindano ya mashua ya Fastnet, kati ya Uingereza na Ireland, na mabaharia 15 wakapoteza maisha. Baada ya hapo wataalamu wa Uingereza walijaribu mifano ya mashua kwenye matangi ya maji. Waligundua kwamba wimbi linalovunjika, lenye kimo cha kama asilimia 30 ya urefu wa chombo, likikipiga ubavuni linaweza kukipindua. Likifika kama asilimia 60, ni vyombo vichache mno vinavyonusurika kupinduka.

Tulete hesabu hiyo Tanga. Boti yetu ndogo ya faiba ina mita 7, kwa hiyo asilimia 30 yake ni mita 2 na kidogo. Sasa kumbuka tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa tunalolisikia redioni kila mara: upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Mashua yetu ya mbao ina mita 12, na kwake kipimo hicho ni mita 3 na nusu hivi. Tofauti hiyo ndiyo mteja anayoilipia anapochukua kubwa, pamoja na mafuta.

Na hapo bado tunajipa moyo, kwa sababu mashua zilizojaribiwa zilikuwa na sitaha iliyozifunika juu na mkuku mzito, yaani uti wa chini ya chombo. Boti zetu za pwani ziko wazi. Mara nyingi hazianzi kwa kupinduka, zinaanza kwa kujaa. Wimbi moja likimwaga ndani lita 200, hizo ni zaidi ya kilo 200 ambazo hazikai mahali pamoja. Boti ikiinama kushoto, maji yote yanakimbilia kushoto na kuizidisha kuinama. Abiria nao kwa hofu wanakimbilia upande mmoja. Kwa hiyo mwenye uzoefu, kabla ya kuuliza mita ngapi, hutazama ubavu umebaki juu ya maji kiasi gani baada ya watu wote kukaa.

Mahali pa kuliona hili kwa macho ni mdomo wa mto Pangani, kwa wanaokwenda kisiwa cha Maziwe. Maji yanapokupwa wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, mto unatoka kwa kasi, na upepo wa baharini unasukuma kuingia ndani. Vikikutana hapo, wimbi linakuwa fupi, limesimama wima kama ukuta, na linavunjika. Ukienda mbele kidogo, kwenye maji ya kina, wimbi la kimo kilekile limelala na boti inalipanda bila shida. Nahodha wetu anapowaambia msubiri maji yajae, hapotezi muda wenu. Mashua kubwa ikipita hapo saa mbaya iko kwenye hatari zaidi kuliko boti ndogo iliyopita saa nzuri.

Sisi wa pwani hii tunajua pia kwamba ukubwa haukinusuru chombo kilichopakiwa kupita kiasi. MV Spice Islander ilikuwa na urefu wa kama mita 60, ikazama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ikiwa na watu na mizigo zaidi ya uwezo wake. Julai 2012, katikati ya msimu wa kusi, MV Skagit ikapinduka karibu na kisiwa cha Chumbe. Hiyo ilitengenezwa mwaka 1989 kwa ajili ya maji yaliyokingwa ya jimbo la Washington, Marekani, si kwa mkondo wa Zanzibar. Watu wengi wa Tanga na visiwani walipoteza ndugu katika misiba hiyo, nasi tunaitaja kwa heshima kwa sababu ndiyo inayotufanya tukatae mtu mmoja wa ziada hata akiwa mtoto wa kupakatwa.

Basi unapotupigia, tutakuuliza kwanza unakwenda wapi na tarehe gani. Toten iko ndani ya ghuba, hivyo siku nyingi boti ndogo inatosha. Ulenge ipo mlangoni mwa ghuba, na kusi ikikaza tunakupa mashua. Maziwe kwa boti ndogo hatupeleki Juni hadi Agosti, hata mteja akiongeza pesa. Safari zote za msimu huu tunaondoka alfajiri, kabla upepo haujapanda, na kila abiria anavaa jaketi la kuokolea akiwa bado nchi kavu.

Tuambie idadi kamili ya watu, watoto wachanga wakiwemo, na mizigo mizito kama majenereta au makreti ya soda. Nahodha akiahirisha safari asubuhi hiyo, utachagua siku nyingine au utarudishiwa pesa yako yote siku hiyohiyo.