Jumba la Harewood na ustadi wa kuficha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nizungumze na wasomaji wenzangu wanaojaliwa kusafiri kwenda Uingereza, iwe kwa masomo, kikazi au kuwatembelea ndugu. Makala za safari zinazochapwa katika magazeti yetu mara nyingi huishia London na kwenye viwanja vya mpira, na sina ugomvi na viwanja vya mpira. Ila nchi ile ina mamia ya majumba ya kale ya mashambani, yaliyojengwa na makabaila na wafanyabiashara wakubwa, ambayo leo yeyote mwenye tiketi huyaingia, na nadhani msomaji wa Kiswahili anazo sababu zake mwenyewe za kuyatazama.

Mimi naishi Leeds, kaskazini mwa Uingereza, na jumba lililo karibu nami ni Harewood, ambalo basi namba 36 liendalo Harrogate hupita langoni pake. Nilikuwa nimekwenda mara kadhaa, nikapiga picha kama watu wote, lakini sikuliona sawasawa mpaka nilipompeleka shemeji yangu, fundi seremala, alipokuja kututembelea. Tulikuwa katika ukumbi mrefu wa picha, wenye urefu wa zaidi ya mita 20, ambao madirisha yake yamevikwa kwa juu mapazia mafupi ya buluu, yenye mikunjo iliyolegea na vishada vinavyoning'inia. Mimi nilipita. Yeye akasimama, akainua shingo, akakaa kimya kitambo, kisha akaninong'oneza: "Shemeji, ile si nguo. Ni mbao."

Na kweli ni mbao. Zilichongwa na karakana ya Thomas Chippendale, seremala mashuhuri aliyezaliwa mwaka 1718 katika mji wa Otley, si mbali na hapo, kisha zikapakwa rangi zifanane na hariri. Kazi ya Harewood hutajwa kuwa agizo kubwa kuliko yote aliyowahi kupata, na ukizitazama zile mbao kwa karibu huoni mahali ambapo mkono wake ulichoka: kila kishada kina nyuzi zake, na kila mkunjo unaanguka kama unavyoanguka mkunjo wa kitambaa chenye uzito. Shemeji alitaka kujua ni patasi ya upana gani iliyoweza kuingia ndani ya mikunjo ile bila kupasua ukingo, swali ambalo mama mlinzi wa ukumbi, pamoja na subira yake yote, hakuwa na jibu lake.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilitazama jumba lile, na mengine ya aina yake, kama kazi ya watu waliokuwa mahodari wa kuficha, na hoja ya barua hii ni kwamba mgeni asiyejua kutafuta kilichofichwa hurudi nyumbani na nusu tu ya alichokilipia.

Aanze na bustani. Jumba lilijengwa kati ya mwaka 1759 na 1771 kwa ajili ya Edwin Lascelles, kwa michoro ya John Carr wa York na mapambo ya ndani ya Robert Adam, na baada ya hapo akaitwa Lancelot Brown, yule ambaye Waingereza humwita Capability Brown, aitengeneze ardhi inayolizunguka. Ukisimama kwenye baraza ya upande wa kusini unaona ziwa limejikunja bondeni, miti imejikusanya kwa mafungu, na mteremko wa majani unaokwenda mpaka macho yanapochoka, na unaweza kuapa kwamba Mungu aliiumba hivyo. Ukweli ni kwamba kijito kilizuiwa ili ziwa lipatikane, ardhi ikasogezwa kwa majembe na mikokoteni, na mti mmoja mmoja ukapandwa mahali ulipotakiwa kuonekana. Ufundi mwingine wa mabustani ya enzi hizo ni handaki ambalo Waingereza huliita ha-ha: badala ya kujenga ua unaokata mandhari, huchimbwa mtaro wenye ukuta upande mmoja, hivi kwamba ng'ombe na kondoo huonekana kama wanalisha mlangoni pa bwana, ilhali hawawezi kuvuka. Mgeni hauoni mtaro huo mpaka akaribie kutumbukia. (Baraza yenyewe, yenye vitalu vya maua vilivyopangwa kwa mistari ya rula, ni ya baadaye, miaka ya 1840, na aliyeichora ni Charles Barry, yuleyule wa jengo la Bunge pale London. Naona haipatani kabisa na ukimya wa Brown, lakini watu huipenda.)

Kilichofichwa zaidi katika bustani ile ni kijiji. Nenda nyuma ya jumba kwa miguu, ndani ya miti, utakuta kanisa la Watakatifu Wote, la karne ya 15, limekaa peke yake kama mtu aliyesahauliwa kituoni. Ndani yake mna makaburi sita ya alabasta, na juu ya kila moja wamelazwa mume na mke waliochongwa kwa jiwe, mikono yao imeunganishwa kwa sala. Waumini wa kanisa hilo hawakukaa msituni. Makazi yao yaliondolewa karibu na jumba, na kijiji kipya, kilichochorwa na yuleyule Carr, kikajengwa nje ya lango, nyumba zake zikiwa zimejipanga sawasawa kama askari wa gwaride. Nyumba ya zamani ya mamwinyi wa eneo hilo, Gawthorpe, nayo ilibomolewa. Kwa hiyo utulivu ule tunaousifu ulipatikana kwa kuwahamisha watu, na kanisa ndilo shahidi aliyebaki.

Ukiingia ndani, usikimbilie vyumba vya juu. Shuka kwanza jikoni. Huko sakafu ni ya mawe, na rafuni zimepangwa sufuria za shaba za kila ukubwa, na mtu akitazama njia ambazo chakula kilipitishwa na kengele zilizowaita watumishi huelewa mara moja kwamba jumba lilikuwa na nyumba mbili ndani yake: moja ya kuonekana, na nyingine ya kuifanya ile ya kwanza ionekane haina kazi. Shemeji, ambaye maisha yake yote amebeba vitu vizito kwenda majumbani kwa watu, aliuliza maji ya kuoga yalipandishwa na nani. Ndilo swali la kuuliza.

Sasa nije kwenye fedha. Baba yake Edwin, Henry Lascelles, alikuwa mkusanya ushuru wa forodha huko Bridgetown, katika kisiwa cha Barbados kule Karibiani, na utajiri wa familia ulitokana na forodha hiyo, na biashara ya watumwa na sukari, na mikopo waliyowapa wenye mashamba ya miwa ambao waliposhindwa kulipa walinyang'anywa mashamba pamoja na watu waliokuwamo. Edwin mwenyewe alizaliwa Barbados. Uingereza ilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni yake mwaka 1833, ilitenga paundi milioni 20 za fidia, na fidia hiyo walilipwa wenye watumwa. Watumwa hawakupata hata senti. Familia ya Lascelles ilipokea zaidi ya paundi 26,000 kwa ajili ya watu 1,277. Deni ambalo serikali ilikopa ili kulipa fidia ile lilimalizika mwaka 2015, jambo ambalo lina maana kwamba mtu aliyefanya kazi na kukatwa kodi Uingereza kabla ya mwaka huo, wakiwamo wajukuu wa watumwa hao, alichangia kulilipa.

Haya nayo yalikuwa yamefichwa, na kwa kweli yalifichika vizuri kuliko handaki lolote. Mwaka 2011, katika stoo ya mvinyo chini ya jumba, ziligunduliwa chupa zilizofunikwa na vumbi na ukungu mzito, na zilipochunguzwa ikabainika kuwa ni ramu, pombe kali ya miwa, ya Barbados ya mwaka 1780. Hebu fikiria: juu wanapita wageni wakistaajabia dari la Adam, na chini, kwa zaidi ya miaka 200, jasho la watu wa Barbados limekaa ndani ya chupa likisubiri mtu mwenye tochi. Ramu hiyo ilipigwa mnada na fedha zikatolewa kwa hisani.

Nikiri kwamba kuna majumba mengine niliyoyatembelea, ambayo sitayataja, ambako nilimuuliza mwongozaji fedha za ujenzi zilitoka wapi, nikajibiwa "biashara" na kuonyeshwa saa ya ukutani. Harewood, kwa upande wake, imeanza kulieleza jambo hili waziwazi. Karatasi za mashamba ya familia zimehifadhiwa na Chuo Kikuu cha York, ambako watafiti huzisoma. Kwenye kuta zilizokuwa na mabwana wa familia na wake zao peke yao zimeanza kutundikwa picha za watu wenye asili ya Karibiani: mmoja ni Arthur France, aliyeanzisha kanivali ya Leeds mwaka 1967, na mwingine ni mwigizaji David Harewood, ambaye picha yake ilizinduliwa mwaka 2023. Jina lake la ukoo halikutokea kwa bahati. Mababu zake walikuwa watumwa wa familia hii huko Barbados.

Wapo watakaosema kwamba kumkumbusha mtu utumwa katikati ya matembezi ya Jumapili ni kumharibia chai. Mimi naona kinyume. Shemeji yangu alipokwisha kusoma maelezo ya picha ile alirudi kwenye ukumbi mrefu, akazitazama tena zile mbao, na hakuacha kumsifu Chippendale hata kidogo. Ila safari hii alisema kwamba ubuni wa fundi ni wa fundi, na malipo ya fundi yalitoka kwa watu ambao hawakuwahi kuona dirisha lile. Sijasikia mwongozaji yeyote akiliweka vizuri zaidi.

Kwa hiyo naomba, Ndugu Mhariri, waandishi wako wa safari wakipita kaskazini mwa Uingereza watenge siku moja kwa ajili ya jumba kama hili na kuwaandikia wasomaji habari zake kwa kirefu, maana barua haitoshi. Wahakikishe kwanza kwamba si majira ya baridi, kwa kuwa vyumba vingi vya majumba haya hufungwa wakati huo, na wavae viatu vya kutembelea matopeni. Waanzie kanisani, wateremke ziwani, waingie kupitia jikoni, na vyumba vya hariri viwe vya mwisho. Na kama wanaye ndugu aliye fundi wa mkono, wa mbao, wa mawe au wa bustani, waende naye.

Ni mimi msomaji wenu,
Leeds, Uingereza