Mwenye mafuta kwenye ini akishikwa na homa ya mafua

Mhariri,

Imezoeleka sasa mtu mwenye mafuta kwenye ini, akipata homa ya mafua au UVIKO-19, kuambiwa asiguse parasetamoli, ameze ibuprofeni. Ushauri huu unaweza kumpeleka mtu pabaya.

Mafuta peke yake hayamkatazi mtu parasetamoli. Kinacholiumiza ini ni kuzidisha, na wengi huzidisha bila kujua. Vidonge viwili vya miligramu 500, mara nne kwa siku, ni gramu 4, na hapo ndipo mwisho kwa mtu mzima. Sasa aongeze dawa ya mafua ya unga, ile ya kukoroga kwenye maji moto: nyingi zina parasetamoli ndani, imeandikwa kwa herufi ndogo ubavuni mwa pakiti. Ameshavuka. Mnywaji wa pombe nyingi, au ambaye ini limeshasinyaa kwa makovu (sirosisi), aishie gramu 2 kwa siku. Na huyo wa ini lililosinyaa ndiye asiyetakiwa kabisa kumeza ibuprofeni. Figo zinaweza kufeli na tumbo likatoa damu kwa ndani.

Mara nyingi tishio kubwa haliko kwenye ini lenyewe, bali kwenye kitambi na kisukari vinavyoandamana na mafuta hayo. Kitambi kinasukuma mapafu anapolala chali, na homa inapandisha sukari. Mwenye kisukari apime mara nyingi kuliko kawaida. Anayejidunga insulini asiiache hata chakula kikimshinda, bali aulize kipimo cha siku hizo. Oksijeni ya damu, kwa kipimo cha kidoleni, ikisoma chini ya asilimia 94, aende hospitali siku hiyohiyo.

Halafu kuna vipimo. Makovu ya ini hukadiriwa kwa kipimo cha damu: AST na ALT, vimeng'enya vinavyovuja ini likiumia, na chembe sahani, zile za kugandisha damu. Hesabu ni hii: umri mara AST, kisha gawanya kwa zao la chembe sahani na kipeuo cha pili cha ALT. Mtu wa miaka 50 mwenye AST 36, ALT 36 na chembe sahani 250 anapata 1.2, yaani hadhaniwi kuwa na makovu makubwa. Mpime huyohuyo homa ikiwa kali: AST 90, ALT 81, chembe sahani 150. Jibu ni 3.33, na kuanzia 2.67 kwenda juu hudhaniwa ana makovu makubwa. Kumbe virusi vimeshusha chembe sahani, na sehemu ya AST hiyo imetoka kwenye misuli inayouma. Ini huenda halijabadilika hata kidogo. Asiandikiwe kwamba ini limesinyaa mpaka apone na arudie kipimo, wiki 4 hadi 6 baadaye.

Wafamasia,
Dar es Salaam